Kiti cha Katikati, Safu ya Thelathini na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua. Mwezi huu tunatimiza miaka ishirini ya ndoa, na nitampeleka mke wangu Ulaya, kwenye ule mji wa kale wenye madaraja ya mawe. Picha yake ameibandika ndani ya mlango wa kabati tangu tuoane. Saa kumi na moja angani, mimi na yeye tu! Yeye ni mkunga, zamu zake za usiku. Mimi karani wa masjala, kazi yangu mchana. Tunapishana mlangoni kama walinzi wanaopokezana lindo. Wiki jana aliniuliza mara ya mwisho tuliongea lini. Nikasema juzi. Kumbe juzi niliongea na redio.

Jumatano, 5 Machi
Ofisini shwari. Nimefungua ramani ya viti vya ndege kwenye kompyuta ya serikali. Safu ya thelathini na moja, viti vitatu. Mjinga angechukua viwili vya pamoja. Mimi nimechukua cha dirishani na cha kando ya njia, nikaacha cha katikati. Nani atajibana kati ya watu wawili asiowajua? Kitabaki kitupu. Tutajinafasi, tutaongea mpaka koo zikauke. Wakala wa tiketi akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia aniachie mwenyewe. Akili hizi zinaozea kwenye mafaili!

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe kapata habari. Alisema juu juu tu kwamba na yeye hajawahi kupanda ndege. Nikashtuka! Nikawahi kumtisha: miguu inavimba, masikio yanaziba, chakula chenyewe kijiko kimoja. Alinisikiliza kwa upole wote. Kisha akasema hawezi kumwacha binti yake aingie kwenye hatari kama hiyo na mtu mwoga. Atajilipia mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi
Wakala kapiga simu kuhusu tiketi ya mama mkwe, furaha tele. Ndege imejaa, lakini kwa bahati yangu kimebaki kiti kimoja, tena katikati yetu! Nikauliza kama hakuna ndege nyingine. Akauliza ya mama au ya kwangu.

Jumanne, 18 Machi, angani
Nilimwomba mama mkwe achukue dirisha. Hataki, akitazama chini anashikwa na kizunguzungu. Nikampa changu. Hataki, toroli la chakula litamgonga kiwiko. Hapa katikati panamtosha, kasema, anawaona wanawe wote wawili. Saa ya nne ya safari sasa. Siwezi kuvua viatu mbele ya mkwe. Siwezi kulala, maana nakoroma mdomo wazi. Wao wanateta na kucheka, mimi napitisha vikombe.

Baadaye. Mama mkwe kasinzia, kichwa begani kwangu. Sithubutu kukohoa. Mke wangu akainama mbele, akaninong'oneza: kwa nini sikuchukua viti viwili vya pamoja? Nikamweleza mpango wangu wote, hatua kwa hatua. Akasema hakuwa na shida na nafasi ya miguu. Alitaka kukaa na mimi, basi. Roho iliniuma. Miaka ishirini, na akili zangu mwenyewe ndizo zimetutenganisha! Nikanyoosha mkono nimshike wake. Haukufika.

Jumatano, 19 Machi
Tumefika. Madaraja yapo, mazuri kuliko ya kwenye picha. Mke wangu alisimama juu ya moja akalia kidogo, mama yake akampa leso kabla sijapapasa mfuko wangu. Lakini maneno ya jana ya mke wangu hayajanitoka. Kurudi lazima nikae naye, iwe isiwe. Tatizo ni kwamba nikichukua viwili vya pamoja, mama mkwe atachukua cha tatu na kuomba aingie katikati. Kwa hiyo, wao walipokuwa wanaoga, nimeingia mtandaoni nikatutawanya wote. Mama mkwe safu ya tano. Mke wangu ya kumi na nane. Mimi ya arobaini. Ndege ikishapaa, nitamwendea jirani wa mke wangu nimwombe tubadilishane. Hakuna binadamu wa kumkatalia mtu anayemfuata mkewe. Mwenyewe sijamwambia. Nataka afurahi ghafla.