Namba za Kordi na Kitasa cha Mlango

Jumatatu, 3 Machi 2025

Ushindi! Karibu ushindi. Hjalmar ameandika kwamba imebaki kasoro moja tu. Nikiitoa, namba zangu zitaingia kwenye programu na dunia nzima itazitumia.

Nieleze vizuri, maana siku moja haya yatasomwa. Kuna programu ya bure ya kuandika na kuchapisha muziki kwa kompyuta. Inajua nota. Inajua kordi, zile sauti zinazopigwa pamoja, zikiandikwa kwa herufi. Haikujua kordi za namba, na sisi wa bendi ya kanisa ndizo tunazotumia. Risper, mwimbaji wetu, akiamka na mafua anaushusha wimbo. Akisuka nywele mpya anaupandisha. Mpigaji wa herufi anabaki kupapasa kinanda. Wa namba hana wasiwasi: moja ni nyumbani popote Risper atakapopaweka, nne na tano zinafuata zenyewe.

Basi tangu Oktoba, nikitoka saiba, duka la intaneti ninakofanya kazi, nakaa hapa chumbani, mtaa wa Lindi, nikiifundisha programu kuandika namba. Ninachotuma, Hjalmar anakikagua. Sijui anaishi wapi. Picha yake ni mbwa aliyevaa skafu. Kiingereza chake ni kama changu, cha kutafutwa kwa tochi. Lakini ananiandikia karibu kila siku. Hakuna mtu mwingine anayeniandikia kila siku. Kampuni ya simu haihesabiki.

Kasoro moja. Kisha? Nimemwuliza nitafanya nini baada ya hapo. Amejibu kwamba nitapumzika. Kupumzika! Na nani?

Jumanne, 4 Machi

Nimepata mpango. Kasoro ya jana nimeitoa, nikaweka nyingine. Ndogo tu. Ya heshima.

Kuna alama ya almasi, mraba uliosimama kwa pembe. Namba ikizungushiwa almasi, bendi nzima inapiga mara moja, inaacha sauti ivume, inanyamaza. Kwa kawaida hukaa mwisho wa wimbo. Sasa, wimbo ukifika ukurasa wa pili, almasi ya mwisho inahamia katikati ya ukurasa wa kwanza. Hjalmar atahangaika nayo wiki nzima. Ataandika!

Mama Afrah, mwenye nyumba, amenigongea magharibi. Anasema Ramadhani hii mlango wake uko wazi, niende nifuturu nao, gurusa, mikate yao laini, amepika nyingi. Nikamwambia sijafunga. Akasema hajaniuliza kama nimefunga. Nikasema niko bize. Nilikuwa bize kweli. Nilikuwa nangoja barua.

Alhamisi, 6 Machi

Ameiona! Aya tatu! Anasema katika miaka yake yote hajakutana na kasoro ya namna hii. Nimezisoma nikinywa chai, nikazisoma tena chai ilipoisha. Nimemjibu kwamba hata mimi inanishangaza.

Pia anataka mistari ya almasi iwe myembamba zaidi. Jumatatu alitaka iwe minene. Mtu mgumu sana. Nampenda.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani Kawangware. Baada ya ibada bendi huenda kwenye kibanda cha Syokau kula chapati. Mimi hubaki kukunja stendi ya kinanda na kufunga nyaya. Nikimaliza wameshakwenda. Hawanichukii. Hakuna anayegeuka kuangalia nyuma, basi. Leo nilisimama kidogo mlangoni na kinanda begani, kama mzigo juu ya mzigo mwingine. Nikajisikia vibaya. Nikaenda nyumbani.

Ila kuna jambo. Musembi, mpiga besi na kiongozi wetu, mtu anayejipaka mafuta mpaka kwenye besi, amesema Jumamosi dadake, Mutheu, anaolewa. Anataka kila mtu apate karatasi ya wimbo wa kuingia bibi harusi. Akauliza ni nani anaweza kuchapisha. Nikainua mkono kabla hajamaliza. Wimbo ni mrefu, kurasa mbili. Watanihitaji sasa!

Jumatano, 12 Machi

Mama Afrah hajagonga. Jana pia hakugonga. Labda amechoka kuambiwa niko bize.

Nimelegeza skrubu za kitasa changu. Nikaenda kumwambia mlango haufungi, na mtaa huu ulivyo. Baada ya futari akaja mwenyewe na bisibisi. Alikaza, akakaa kwenye ndoo, akanieleza jinsi babake alivyompeleka kwenye mpira wa Gor Mahia akiwa mdogo akarudi bila kiatu. Alicheka mpaka akajifuta macho na mtandio. Akaacha sambusa. Alipoondoka akasema kitasa hicho hakijawahi kuharibika tangu kiwekwe. Nikasema vitu vya siku hizi.

Jumamosi, 15 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Kwetu bibi harusi haingii kanisani kwa kutembea. Anaingia kwa kucheza: hatua mbili mbele, moja nyuma, wasimamizi nyuma yake, akina mama pembeni na vigelegele. Bendi ndiyo inayomleta. Mutheu alikuwa amefika katikati ya kanisa, mguu mmoja hewani. Bendi nzima ikapiga moja kubwa. Ikaacha ivume. Ikanyamaza.

Almasi.

Nilikuwa nimechapisha kwa programu ile ile niliyoiharibu kwa ajili ya Hjalmar. Sina nyingine! Nilisahau! Wenzangu wote walisoma karatasi, wakatii. Mimi sisomi karatasi, wimbo naujua, nikaendelea kupiga peke yangu kama redio iliyosahauliwa. Mutheu hakujua aufuate ukimya au anifuate mimi. Akashusha mguu. Msimamizi wa nyuma akamgonga, wa tatu akamgonga wa pili, shada likaanguka, mama mmoja akapiga kigelegele kwa huruma. Nikaacha kupiga, Risper akaimba tu bila ala mpaka Mutheu akafika madhabahuni. Aliimba vizuri sana, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Wakaja wao.

Musembi, Risper na Makau wa ngoma. Watu watatu ndani ya chumba changu! Hakijawahi kujaa hivi. Sikuwa na viti, nikawaweka kitandani kwa mstari. Vikombe viko viwili, Makau akanywea kwenye kifuniko cha thamosi.

Musembi alinisema bila kumeza mate. "Buda, umetuchoma! Matha amenicall mara tatu, mama mzima analia!" Risper akauliza kwa upole kama kuna jambo linanisumbua. Nikasema ni kompyuta. Makau akaomba chai zaidi. Nikapika sufuria ya pili. Nikatafuta sukari polepole. Musembi akasema nipumzike kwenye kinanda mpaka Pasaka. Kupumzika tena!

Wakaondoka mapema mno. Vikombe sijaosha. Nimeviacha kitandani walipokaa.

Usiku huu huu nimeondoa kasoro yote, nikatuma programu safi. Aibu imenizidi.

Alhamisi, 27 Machi

Siku nyingi bila neno. Mvua. Nilidhani Hjalmar amekufa, au mbwa wake.

Leo barua. Namba zimeingia. Jina langu limo kwenye orodha ya waliochangia: Kavoi, herufi zote sahihi. Nilisimama ili nimwonyeshe mtu. Nikakaa.

Kisha barua inaendelea. Anasema kasoro ya almasi isingeweza kutokea kwa bahati mbaya, ilikuwa imeandikwa kwa mkono mzuri na kwa subira. Aliijua tangu siku ya kwanza. Anasema na yeye ana la kuungama. Unene wa mistari ya almasi hauna maana yoyote kwa mtu yeyote. Alikuwa akinirudisha ili nimjibu. Kwake giza huingia mapema na mbwa hazungumzi. Anasema siku nyingine nikitaka kuandika, niandike tu, hakuna haja ya kuharibu kitu. Halafu ameuliza: hujambo?

Nimelia kidogo. Kisha nikaangalia kama amekosea herufi mahali. Hapana.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Harufu ya pilau imejaa ua mzima.

Tangu Alhamisi najaribu kumjibu Hjalmar. Niliandika kwamba sijambo. Nikafuta. Niliandika kwamba huku mvua imeanza. Nikafuta. Mtu utamwandikia mwenzako umwambie nini, wakati hakuna kilichoharibika? Utaanzia wapi?

Asubuhi hii nimepata pa kuanzia. Kuna mstari mmoja kwenye programu ambao ukiuondoa, kila moja inakuwa saba. Hakuna nyumbani tena katika wimbo mzima. Kasoro nzuri kuliko ile ya almasi! Nimemtumia kama maboresho, nikaandika chini kwamba naomba aikague akipata nafasi, hata leo. Swali lake sikuligusa.

Mama Afrah ameita kutoka kwake. Anasema sahani yangu ameshapakua, niende sasa hivi, nisimwambie habari za bize siku ya Idd. Nikamjibu kwa sauti kwamba nakuja. Nilivaa shati safi. Nikafika mlangoni nikasimama. Siwezi kuingia nyumbani kwa mtu hivi hivi, mikono mitupu, bila sababu.

Nikarudi ndani, nikachukua bisibisi, nikalegeza kitasa skrubu mbili, kisha nikaenda kumwambia mlango umeharibika tena.