Mguu wa Hazim na Dele la Kahawa

Jumapili, 5 Januari 2025

Siku mbaya. Hazim bado kalala. Ndiye nyota wa timu yangu, mabao tisa katika mechi nne za Kombe la Mitaa hapa mjini Ibra, saa mbili kutoka Muskati, kisha akavutika msuli wa paja. Wiki ya tatu hii hachezi. Haniletei hata pointi moja.

Mchezo wetu wa ukoo ni huu. Kila mmoja kachagua wachezaji watano wa kombe lile; wakifunga wao, tunapata pointi sisi. Binamu yangu Aflah anahesabu na kutangaza kwenye WhatsApp. Wa mwisho wa wiki ndiye anayemimina kahawa Ijumaa jioni, ukoo mzima ukiwa umekaa. Anasimama, dele, yaani birika la kahawa, mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, mpaka mgeni wa mwisho atosheke. Nimemimina Ijumaa tatu mfululizo. Nina miaka arubaini na sita na kazini ni mkuu wa kitengo.

Na Ijumaa hii anakuja baba mkwe kutoka Nizwa. Miaka kumi na tisa mzee huyu ananitazama kama mtu aliyepewa binti yake kwa makosa. Akinikuta nimeshika dele, nimekwisha.

Nimempelekea Hazim halwa. Mgonjwa akila vizuri hupona haraka.

Jumatatu, 6 Januari

Halwa imekwisha. Hazim kanipokea juu ya godoro, mito minne mgongoni, mguu juu ya wa tano. Kasema anaona nafuu kidogo, hasa wakati anatafuna. Nikamletea katlesi za mke wangu. Rumaitha kauliza katlesi zake zimekwenda wapi. Nimemwambia nimetoa sadaka. Si uongo mkubwa.

Anayeongoza ni Shangazi Mabruka. Pointi thelathini na moja! Bibi wa miaka sabini na nne, mzaliwa wa Unguja, hajawahi kutazama mpira dakika kumi. Anachagua wachezaji kwa mama zao. Kijana mwenye mama mkali, anasema, hulala mapema na hana upuuzi. Mwanzo wa msimu nilicheka sana. Sasa sicheki.

Jumanne, 7 Januari

Hazim kasema mguu wake unatamani papa mkavu wa Ashkhara, kule pwani. Mguu. Nikaomba ruhusa kazini, nikasema nina mgonjwa, nikaenda. Zaidi ya saa mbili kwenda, na kurudi vivyo hivyo. Gari linanuka hata nikifungua madirisha yote. Hazim kamla papa mzima kwa wali wa nazi kisha kalala pale pale. Nimebaki kumtazama kwa mapenzi. Mguu ulitikisika mara mbili. Dalili njema.

Jumatano, 8 Januari

Nimempeleka Rumaitha soko la wanawake. Jumatano ni siku yao, mwanamume haingii. Habari zote za Ibra zimo mle ndani, nani kaposwa, nani kapona, na mimi nje kwenye gari na redio. Nilimwomba aniulizie mguu wa Hazim. Kanijibu kwamba anakwenda kununua vitambaa na ubani, si kupeleleza.

Akatoka pamoja na Shangazi. Nikashuka, nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu. Kasema kamkuta mama yake Hazim sokoni, wamezungumza sana, na amemwonea huruma. Kwa hiyo yuko tayari kumchukua Hazim, na mimi anipe Anas, mchezaji wake.

Anas! Kafunga mawili wiki iliyopita! Nikauma mdomo nisicheke. Nikamwambia kwa heshima anipe siku moja nifikiri. Maskini Shangazi. Umri huo mtu huanza kuchanganya mpira na huruma.

Njiani Rumaitha kaniambia nifikiri vizuri. Nimemwambia mambo ya mpira aniachie mimi.

Alhamisi, 9 Januari

Mwisho wa kubadilishana wachezaji wa wiki hii ni magharibi ya leo. Asubuhi nikasema simtoi. Mchana nikasema namtoa. Alasiri nikaenda kumjaribu. Nikaangusha ufunguo wa gari karibu na mguu wake, nione kama atainama. Hakuinama. Kaniambia niuokote, na kwa kuwa niko chini nimsogezee sahani. Kisha akauliza kama kesho kuna boko boko la ngano na nyama. Nikakata tamaa. Huyu hachezi mpaka Ramadhani.

Dakika kumi kabla ya adhana nikamwandikia Aflah: Hazim kwa Shangazi, Anas kwangu. Ukoo mzima ukanipongeza. Shangazi akatuma mikono ya dua. Nimerudi nyumbani naimba.

Ijumaa, 10 Januari

Hazim kacheza. Mabao matatu.

Nimeona kwa macho yangu. Anakimbia kama anayefukuzwa. Na kweli kafukuzwa. Shangazi kanieleza mwenyewe, bila hata ya kuona haya. Daktari alimruhusu Hazim tangu wiki iliyopita. Mama yake alilalamika sokoni kwamba mtoto hana sababu ya kuinuka, maana kuna mtu mzima na akili zake anamletea sahani kila siku. Shangazi akamshauri afunge mlango. Jana baada ya magharibi mama akatangaza khalas, basi, wageni ahsanteni, mgonjwa kapona, na asiyeumwa atakula dengu na mkate mkavu. Leo Hazim alikuwa wa kwanza kufika uwanjani.

Anas kafunga moja, kisha kateguka kifundo cha mguu. Aflah akatangaza: wa mwisho ni Nadhir, yaani mimi, kwa pointi moja.

Basi nikashika dele. Baba mkwe kakaa mbele kabisa. Mtu akitosheka hutikisa finjani. Yeye hakutikisa. Nikamimina ya nne. Ya saba. Ya kumi na moja. Jasho linanitoka, Shangazi ananitazama kwa furaha kubwa. Ya kumi na mbili akatikisa. Akasema, mbele ya watu wote, kwamba amekunywa kahawa Nizwa, Sur na Muskati na hajapata kumiminiwa na mkono uliotulia hivi. Akaniita mwanangu.

Miaka kumi na tisa! Nilitaka kumkumbatia, ila nilikuwa na dele. Rumaitha alikuwa mlangoni, anacheka huku anafuta machozi. Nimefurahi mno.

Jumamosi, 11 Januari

Bado nina furaha. Na nimekaa nikafikiri, nimelijua kosa langu. Kosa ni kumtoa Hazim. Nyota hatolewi.

Asubuhi Shangazi kapiga simu. Kasikia habari ya Anas, anamwonea huruma mama yake, yuko tayari kumchukua. Nimecheka sana. Safari hii hanipati. Anas simtoi kwa mtu yeyote. Anachohitaji ni kula tu.

Nimempelekea halwa, kopo kubwa. Nimemkuta kwenye godoro na mito mitatu, nikamwongezea wa nne. Kasema kifundo chake kinatamani papa mkavu wa Ashkhara. Ajabu! Sawasawa kabisa na mguu wa Hazim. Lazima papa yule ana dawa ndani yake.

Gari nimeshalijaza petroli.