Barafu ya Friji la Alphonce

Jumatatu, 7 Juni 1993
Barafu imejaa tena kwenye friji la marehemu mwanangu Alphonce. Mlango haufungi. Nimeubana kwa kamba ya mbuzi. Shemeji yangu Chediel kapita, macho yote kwenye kamba. Kanikumbusha neno la wazee siku tulipoanua matanga: mama akae na friji, likimshinda liende kwa Chediel. Nikamwambia kamba ni urembo. Mwanamume mzima, anangojea kama fisi!

Jumanne, 8 Juni
Nimemwita fundi Mughwai. Kaniamkia vizuri, shikamoo bibi, halafu kaharibu. Eti nilizime, niache mlango wazi kutwa, barafu iyeyuke yenyewe. Nisiiguse kwa chuma. Nikamuuliza nani kamfundisha uvivu. Nizime? Bidhaa za nje zilipokuwa ruksa, Alphonce alilileta kwa treni hadi Manyoni, mtumba wa Ulaya. Kaliwasha kwa mkono wake. Nikiamka linanguruma, najua nyumbani kuna mtu. Sizimi ng'o!

Alhamisi, 10 Juni
Nimeingiza jiko la mkaa ndani ya friji. Dogo tu. Plastiki imeyeyuka, barafu imebaki! Nyumba inanuka kandambili zilizoungua. Luciana, mke wa Chediel, kaja kuomba chumvi. Kauliza dada unapika nini. Nikasema mboga ya kigeni.

Ijumaa, 11 Juni
Nimechukua patasi ya marehemu mume wangu, na mchi wa kugongea. Ardhi ya Singida nimeipasua tangu usichana, barafu ndiyo inishinde? Nikagonga. Bonge likaanguka. Nikapiga vigelegele peke yangu. Nikagonga tena. Ssssss! Kama nyoka. Nikaziba tundu kwa kidole. Kwa sabuni. Kwa ugali. Likakohoa, likanyamaza.
Nyumba kimya. Nikaita, Alphonce. Mara mbili. Ujinga gani huu!

Jumapili, 13 Juni
Wazee wamekuja baada ya ibada. Chediel kaja na mkokoteni tayari. Nikasema Mughwai kalitia mkosi. Wakasema neno ni lile lile. Nikalifuta vumbi, lisitoke kwangu chafu. Nikalisindikiza hadi njia panda. Luciana kaninong'oneza, dada, likipona uje ulisikilize. Nikamwambia nina kazi zangu.

Jumatano, 23 Juni
Limepona. Nimesimama nyuma ya ukuta wa Chediel, nikijifanya natafuta kuku. Linanguruma mle kama limezaliwa pale.
Wazee waliniachia redio ya Alphonce, ya kunifuta machozi. Leo asubuhi imeanza kukoroma. Mughwai kasema ni vumbi tu, nisiiguse, atakuja kesho. Kesho! Vumbi dawa yake maji, hata mtoto anajua. Nimeifungua, nimeiosha kwa sabuni ndani na nje, taratibu, kama nilivyokuwa nikimwogesha mwenyewe utotoni. Nimeianika juani.