Kamati ya Umbo, Mizani na Hisia

Umma unatangaziwa kwamba Idara yetu, kwa mara ya kwanza tangu iundwe, imechambua shairi zima bila mtu kuumia. Nasema haya kwa furaha kubwa, nikiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Umbo, Mizani na Hisia.

Shairi lilikutwa kwenye meza ya katibu muhtasi, chini ya barua za kuchapwa:

*Kiti hiki kimenila, mgongo umenipinda,*
*Natamani kwenda lala, kazi sasa yanishinda.*

Mkurugenzi akaagiza lichunguzwe. Likionekana lina huzuni, dada wa watu angefukuzwa kazi kwa kukiuka Waraka wa Uchangamfu.

Hatukulala. Mjumbe wa Umbo alipima kila mstari kwa rula. Mjumbe wa Mizani alihesabu kwa vidole, na vilipokwisha akavua viatu. Nane kwa nane, hakuna iliyopungua. Mjumbe wa Hisia akamhoji mtuhumiwa.

"Dada, ulipoandika ulikuwa umenuna?"

"Nilikuwa nawaza tu."

"Kuwaza muda wa kazi?"

"Nilikuwa namsubiri bosi amalize gazeti, asaini barua."

Tukaandika: tafakuri, daraja la kwanza. Nakiri nilisikia raha moyoni.

Mkurugenzi aliposikia daraja la kwanza, uso ukamchanua.

"Hilo shairi ni langu," alisema. "Dada, lichape upya kwa jina langu, liende Makao Makuu leo hii."

"Bosi, una hakika?"

"Ukibisha, waraka ninao."

Dada akachapa bila kosa hata moja. Bosi akasaini kwa mbwembwe.

Jibu lilirudi siku ya tatu. Makao Makuu nao wana kamati, tena kubwa kuliko yetu. Mkurugenzi aliita wafanyakazi wote, akanipa barua niisome kwa sauti, yeye kifua mbele.

"Umbo: ombi la kupumzishwa kazi. Mizani: kamili. Hisia: mwandishi amechoka kwelikweli. Ombi limekubaliwa kuanzia leo."

Katibu muhtasi aliziba mdomo kwa mkono, mabega yakimtetemeka.

"Lakini mimi sijachoka," alisema Mkurugenzi.

Tuliona si haki kumwondoa bila kumsikiliza. Mjumbe wa Mizani akahesabu kauli yake kwa kukunja vidole, kimoja kimoja, mpaka tisa. Imezidi moja. Rufaa tukaikataa.