Ombi la Kufuta Somo la Kwanza

Baraka, Novemba 2000

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
yule ambaye barua hii itamfikia kwanza

Mheshimiwa Waziri,

Pokea heshima zangu. Nimeambiwa kwamba kwa sasa nchi imegawanywa na vita na ina mawaziri wa elimu wawili, mmoja magharibi na mmoja huku kwetu mashariki, na kwamba hawaandikiani. Kwa kuwa sijui yupi kati yenu ndiye wangu, barua hii nitampa Mama Saumu, mchuuzi wa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, aifikishe Uvira na kuikabidhi kwa msafiri yeyote mwenye sura ya kufika mbali. Kama wewe siye, tafadhali mpe mwenzako.

Mimi ni Gentille, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sekondari. Darasani siinui mkono, kwa hiyo utanisamehe nikisema mengi kwa maandishi. Ninaomba jambo moja: somo la kwanza la jiografia lifutwe katika Jamhuri yote, kitabu kianzie somo la pili. Sababu zangu ni hizi.

1. Somo la kwanza linasema kwamba dunia ni ya mviringo na inazunguka. Silipingi. Nililisoma Baraka, vita vikaja, tukakimbilia Mboko. Mwalimu wa Mboko alitukuta watoto wa kila mahali, na kwa kuwa hakujua nani ameishia wapi, alifanya kama wanavyofanya walimu wote wa kwetu wakipokea wakimbizi: alianzia mwanzo, ili asionewe mtu. Dunia ikazunguka. Vita vikafika Mboko, tukapanda milima ya Fizi, nako ikazunguka. Tuliporudi Baraka, Mwalimu Norbert, ambaye ni mwalimu mwema na hana kosa, alifuta ubao kwa kiwiko akasema, "Haya batoto, tuanzie ku mwanzo." Niko tayari kushuhudia mbele ya tume yoyote kwamba dunia inazunguka Fizi nzima. Somo la pili linahusu Mwezi. Nimeona kichwa chake tu.

2. Baba yangu, Papa Darius, ni mvuvi. Mwezi ukijaa hashuki ziwani, maana ndagala hawafuati taa za mitumbwi. Siku hizo hukaa nyumbani kushona nyavu na kuniuliza nimejifunza nini. Mara ya mwisho nilipomjibu, aliweka wavu chini akamwambia Mama, "Mutoto anasoma ukurasa moja tu, kila mwaka. Hii ni shule ao ni rozari?"

Mama akasema, "Umuache, Papa Gentille. Iko anajifunza."

"Iko anajifunza nini? Kuzunguka?"

Basi ameamua. Shule ikianzia mwanzo mara moja tu zaidi, nitaiacha na kwenda Ubwari kwa shangazi Dorothée kuanika samaki. Shangazi ni mtu mzuri, ila nyumbani kwake hakuna kitabu hata kimoja, na mimi nataka sana kujua habari za Mwezi. Nilitafuta hoja ya kumpinga Baba, sikuiona. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Somo la kwanza likiwa halipo, hakuna mwalimu atakayeweza kuanza nalo, na Baba hatakuwa na neno.

3. Nilipofikiri zaidi, niliona kwamba hilo halitatosha. Tukifuta somo la kwanza, la pili litakuwa la kwanza, nasi tutaurudia Mwezi mpaka tuuchoke. Kwa hiyo la pili nalo lifutwe, halafu la tatu, na kuendelea, libaki somo la mwisho peke yake. Tukianzia mwisho, vita vikija vitatukuta tumemaliza. Diploma zigawiwe Septemba, siku ya kufungua shule, ikiwezekana kabla ya saa nne asubuhi.

4. Kuna pia habari ya kengele. Yetu ni chuma cha gurudumu la lori, na chuma hicho hicho hugongwa pale watu wenye silaha wanapoonekana njiani. Uledi, mlinzi wa shule, anasema mapigo ya shule ni ya polepole na ya hatari ni ya haraka. Ni kweli, lakini Uledi ana shamba la mihogo, na asubuhi huwa na haraka. Mwezi uliopita aligonga haraka haraka kwa ajili ya kipindi cha hesabu. Askari waliokuwa wakilala katika nusu ya madarasa yetu walikimbia kuelekea milimani, wakaacha sufuria ya maharagwe motoni. Hadi saa sita mchana Baraka haikuwa na jeshi lolote. Tulisoma vizuri sana. Waliporudi, Mama Saumu aliwauliza, "Bakomanda, mulikimbia hesabu?" Waliulizia maharagwe.

5. Kwa hiyo napendekeza vita vihamishiwe katika wizara yako. Ndiyo wizara pekee iliyowahi kuondoa jeshi katika mji huu bila risasi. Chini yako, vita vitapigwa Julai na Agosti tu, wakati wa likizo. Wapiganaji wa pande zote watavaa sare moja, shati jeupe na suruali ya buluu, na itakuwa vigumu kwao kujua nani apigwe. Kamanda atakayeshindwa atarudia mwaka, akianzia mwanzo. Somo la kwanza, ambalo sisi tutakuwa tumeliacha, wapewe wao. Bado halijachakaa, nasi tumewahifadhia vizuri.

Nisalimie familia yako, makatibu, wakaguzi na yule anayepiga mihuri. Msalimie na waziri mwenzako mkikutana. Mama anakusalimu, na Mwalimu Norbert angekusalimu kama angejua.

Wako mtiifu, ambaye angependa kubaki mahali pamoja,

Gentille

P.S. Barua haikuondoka. Jumanne asubuhi risasi zilisikika upande wa Mboko, Mama Saumu akaahirisha safari. Tumevuka kwenda Ubwari kwa mtumbwi wa Baba, pamoja na Mwalimu Norbert, aliyebeba ubao mgongoni. Katikati ya ghuba Baba alimwuliza, kwa sauti ya kugombana, "Mwalimu, kule utaanzia wapi?"

"Ku mwanzo, Papa Darius. Kuko batoto bapya."

Mimi nilijiona tayari naanika samaki. Baba alipiga kasia mara mbili kwa nguvu, akasema, "Hebu unielezee hiyo mwanzo yenyewe."

Mwalimu akaanza. Alipofika mahali dunia inapozunguka, Baba aliacha kasia. "Na hii ziwa, sababu ya nini haimwagike?" Mwalimu akajibu, Baba akakataa. Mwalimu akachota maji kwa ndoo, akaifunga kamba na kuizungusha hewani ili Baba aone mwenyewe, nasi sote tukalowa. Baba akasema, "Unaona?" Mwalimu akasema ndoo haikuzunguka vya kutosha. Tulipofika Ubwari, shangazi Dorothée alikuwa ufukoni anatupungia, lakini Baba aligeuza mtumbwi akasema hashuki muntu mpaka ile mambo iishe.

Shule inafunguliwa kesho, nyuma ya vichanja vya samaki. Baba ameniagiza nimshikie nafasi mbele. Kwa hiyo, Mheshimiwa, tafadhali somo la kwanza lisiguswe. Baba bado hajalikubali.