Viganja Juu, Mama Mkwe Mezani

Jumatatu, 3 Juni

Mama mkwe amefika. Mabegi mawili, mto wake wa kulalia, na tiketi tatu za basi la kurudia. Tatu! Na kaja peke yake. Nikamvuta mke wangu jikoni kumuuliza hizo mbili ni za nani. Akasema moja yake, moja ya mtoto. Mama amechoka kusikia mwanawe anahamishwa nchi hadi nchi na mume ambaye kazi yake haieleweki. Atakaa wiki moja, ataangalia. Asiporidhika, Jumapili wanapanda basi wote watatu, mimi nabaki na jiko la gesi.

Niweke kumbukumbu sawa, maana mambo yameanza kuchanganyika. Mimi ni mgawa karata kwenye kasino. Nimegawa karata nchi nne sasa. Kazi halali, shati jeupe, tai ya kipepeo. Lakini kwa mama mkwe, nchi ya kwanza nilikuwa mkaguzi wa hesabu. Nchi ya pili, mhandisi wa meli. Ya tatu, mwalimu wa hisabati. Hapa ni mkuu wa mapokezi hotelini. Yote nimeyatunga mwenyewe, na yote nayapenda.

Sababu ninayo. Marehemu baba mkwe alikuwa mtu wa karata. Siku moja aliiweka mezani cherehani ya mkewe, ile iliyokuwa ikiwasomesha watoto, na haikurudi. Tangu hapo neno karata halitajwi mbele ya mama. Mke wangu ananiambia nimweleze tu ukweli yaishe. Masikini, hana jicho la mkakati.

Mpango: mdomo kufungwa hadi Jumapili, tabasamu la mapokezi wakati wote. Rahisi!

Jumanne, 4 Juni

Si rahisi.

Mama mkwe hasahau kitu. Wakati wa chakula aliniuliza, kwa upole kabisa, imekuwaje mhandisi wa meli akafundisha hisabati halafu akaishia kugawa funguo za vyumba. Nikamjibu kwamba hoteli za siku hizi zina injini. Mke wangu akainama kuokota kijiko ambacho hakikuanguka.

Kisha mama akaanza kumsifu mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, muuza matangi ya maji. Huyo bwana ananikera tangu siku ya harusi yangu, alipokuja na suti nzuri kuliko ya bwana harusi. Mama anasema kazi ya mkwe yule inaonekana. Tangi unaligonga, linalia. Yangu ataigonga wapi?

Nikamaliza kula. Na hapo mikono ikaniponza.

Katika kazi yetu huwezi kuondoka mezani hivi hivi. Juu kuna kamera. Unapiga kofi moja, unafungua viganja, unavigeuza huku na huku ili kamera ione hujaficha chipu ya mtu, kile kisahani kinachochezwa badala ya pesa. Hata ukitaka kujikuna pua, viganja kwanza, pua baadaye. Nchi ya kwanza tulipiga kofi. Ya pili tulipangusa mikono tu. Ya tatu ilikuwa kugeuza mara mbili na kurudi nyuma hatua moja. Mwili wangu umezikusanya nchi zote. Nikapiga kofi, nikapangusa, nikageuza viganja mara mbili, nikarudi nyuma na kiti.

Mama mkwe akatazama viganja. Akatazama dari. Akarudi kwenye viganja.

Nikasema chakula kilikuwa kitamu sana.

Jumatano, 5 Juni

Siku mbaya! Mbaya kupita maelezo, lakini naeleza.

Mama mkwe ni fundi cherehani, hilo nililijua. Kwamba angepekua kamba ya nguo na kukuta suruali yangu ya kazi, hilo sikulijua. Suruali za wagawa karata huzibwa mifuko kwa uzi, mtu asidumbukize kitu. Yeye akaona mifuko imezibwa, akadhani ni fundi mzembe. Kwa mapenzi tu akafumua nyuzi zote, akaikaza mishono, akaipiga pasi, akairudisha kwenye kamba. Nikavaa bila kujua.

Saa tano asubuhi niko meza ya ruleti, ule mchezo wa gurudumu. Nikahisi kitu kizito kinanigonga pajani. Nikapeleka mkono. Mkono ukazama! Mfuko! Nikashtuka, nikautoa haraka, na hakuna duniani kitu kinachofanana na wizi kama kutoa mkono mfukoni haraka mbele ya kamera.

Meza ikafungwa. Msimamizi wetu, mama mmoja tunayemwita Kengele kwa sababu hasemi, analia, akanipeleka chumba cha ulinzi. Mlinzi akaamuru nitoe kilichomo. Nikatoa. Yai la kuchemsha, limefungwa kwenye kitambaa safi cha jasho. Mama mkwe aliniwekea nisishinde njaa.

Walinzi wawili wakarudia picha za kamera mwanzo hadi mwisho kutafuta yai hilo liliingiaje kasino. Kengele akaniuliza kama ninajua adhabu ya kuwa na mifuko. Nikasema mifuko si yangu. Akasema suruali ni ya nani? Nikasema yangu. Mwishowe akanipa onyo la mdomo, akanikabidhi sindano na uzi. Yai wamebaki nalo kama ushahidi.

Nimerudi nyumbani mama akaniuliza kama niliona zawadi. Nikasema niliona, na hoteli nzima iliona.

Alhamisi, 6 Juni

Mama mkwe amekata shauri. Mimi ni mgonjwa.

Ananitazama tangu Jumanne. Jana nilionyesha viganja nilipoondoka sebuleni. Leo asubuhi nilivionyesha kabla ya kushika sikio langu mwenyewe. Akamwita mke wangu kando, akamwambia mishipa ya mume wako inakatika, hii mikono inajiendesha yenyewe, nyie mpo tu mnaangalia. Kesho nina zamu ya mchana, asubuhi niko huru, kwa hiyo ananipeleka kwa daktari. Jirani kamwelekeza kwa mmoja anayesifika mtaa mzima.

Mke wangu kanikazia macho. Ni sasa, kaniambia. Nenda ukamwambie kabla hujapigwa sindano ya bure.

Nikawaza. Nikaona mwanga! Ugonjwa ni baraka. Mgonjwa haulizwi maswali ya kazi. Mgonjwa hanyang'anywi mke na mtoto, huo ungekuwa ukatili. Nimejifunza kukohoa kidogo ingawa ugonjwa wenyewe ni wa mikono.

Ijumaa, 7 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Chumba kidogo, mezani picha kubwa ya mke wa daktari na kiboksi cha kadi za wagonjwa. Nikainua macho. Daktari akainua yake. Mungu wangu! Ni mteja wangu wa meza ya karata za ishirini na moja, yule wa kiti cha mwisho, anayevaa kofia mchana ndani ya nyumba akidhani hatambuliki. Akaniona. Akailaza picha ya mkewe kifudifudi.

Tukaelewana bila neno. Yeye hanijui, mimi simjui.

Mama mkwe akaeleza ugonjwa wangu vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Kofi, viganja, dari. Daktari akawa anatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. Akaanza kufikiri. Na yule bwana akifikiri, kidole chake hugonga meza.

Sasa, kwenye mchezo wa ishirini na moja mchezaji haongei. Kamera haina masikio. Akitaka karata nyingine anagonga meza kwa kidole. Zikitosha, anapunga kiganja. Nimeona vidole vikigonga nchi nne, miaka yote hii, na kila kidole nimekijibu.

Kidole kikagonga. Mkono wangu ukaenda. Naapa sikuutuma! Ukachomoa kadi ya mgonjwa juu kabisa ya kiboksi, ukaitelezesha mezani, ukaifunua mbele ya daktari. Safi, imenyooka, kazi ya mtu aliyefundishwa.

Daktari akaitazama kadi. Akapunga kiganja. Imetosha!

Nami nikapiga kofi, nikaonyesha viganja.

Kisha daktari akakohoa, akatangaza kwamba ninao uchovu wa viganja, unawapata sana watu wa mapokezi kwa kupokea, dawa yake mafuta ya kupaka na kuachwa bila maswali. Nilitamani kumbusu. Nje nikatembea mwepesi kabisa. Nimeshinda!

Jambo moja tu. Mama mkwe hakusema neno njia nzima.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi kaniita sebuleni. Kaketi wima, tiketi tatu mezani mbele yake. Mke wangu kasimama mlangoni na mtoto mgongoni, wakati mtoto ana miaka sita na hajabebwa tangu mwaka juzi. Nikajua yameisha.

Mama mkwe hakuanza na mimi, alianza na marehemu mumewe. Akasema yule mzee alikuwa akigonga meza kwa kidole hata akitaka kuongezewa chai. Miaka na miaka amekisikia kidole hicho. Jana kakisikia tena kwa daktari, na kaona mkono wa mkwe wake ukikijibu. Akaniuliza nimegawa karata tangu lini.

Nilitaka kusema ni mazoezi ya viungo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nikamwona mke wangu jinsi alivyomshika mtoto, likakwama. Nikasema tangu nchi ya kwanza, mama.

Nikasubiri mbingu ziporomoke. Hazikuporomoka. Akaniambia kwamba aliwahi kwenda kwenye ile nyumba ya karata kuifuata cherehani yake. Alikuta wanaume watu wazima wamebaki na fulana, macho mekundu. Mmoja tu ndani ya chumba kile alikuwa na shati lililopigwa pasi, na saa yake ya kuondoka ilipofika, aliaga akaenda kula kwake. Ndiye aliyekuwa akigawa. Basi siku ile mama aliomba, kama karata lazima ziingie tena kwenye ukoo wake, ziingie kwa upande ule wa meza.

Kumbe! Nchi nne! Mhandisi wa meli wa nini!

Lakini hakuwa amemaliza. Akasema cherehani ilimuuma, ila nyingine aliipata. Kilichomvunja ni kwamba mumewe alimwambia cherehani iko kwa fundi. Kila wiki, iko kwa fundi, bado kidogo. Na yeye akawa anamkaribisha mumewe chakula, anamwombea fundi afya njema. Hapo nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Akasema mkwe mgawa karata anaweza kuishi naye. Mkwe wa fundi-bado-kidogo hamtaki, na mwanawe hatamwacha naye.

Nikalia. Naandika kama ilivyokuwa. Nikaapa mbele yake, mbele ya mke wangu na mtoto wangu, kwamba sitamdanganya tena maisha yangu yote. Mama akachukua tiketi mbili, akazitelezesha mezani kwa kidole kimoja hadi mbele yangu, akapunga kiganja. Imetosha.

Ule mzigo umeshuka! Nimekula sahani tatu.

Jumapili, 9 Juni

Tumemsindikiza stendi. Kapanda basi peke yake na mto wake. Kabla ya kuondoka kaniambia suruali zangu zote kaziziba mifuko upya, kwa mshono wa maana sasa, hata Kengele afurahi. Mke wangu akanishika mkono hadharani, jambo analolifanya kwa nadra. Mtoto akauliza kama baba amepona mikono. Tukacheka hadi nyumbani.

Sijui nilikuwa naogopa nini. Ukweli ni mwepesi mno. Nitautumia daima.

Jumatano, 26 Juni

Habari njema! Mkataba mpya umetoka, nchi ya tano. Kasino kubwa, nyumba ya kuishi sote watatu, shule karibu. Nikampigia mama mkwe papo hapo, mke wangu kando yangu ananitazama kwa fahari.

Mama akafurahi mno. Akauliza kazi ni ile ile? Nikafungua mdomo kusema ndiyo, mama, kugawa karata. Tena kwa sauti.

Ndipo nikasikia mtu anakohoa upande wa pili. Simu iko kwenye spika. Mwanyumba! Yuko pale, kwa mama, anakunywa chai. Akanisalimu, akasema yeye mwenyewe amefungua duka la pili la matangi, tena la ghorofa. Akauliza na mimi huko naenda kushika nini.

Nikasema nakwenda kuwafundisha marubani.

Mke wangu ameketi chini polepole. Mwanyumba hana la kusema. Hana! Tangi lake haliruki.

Mama mkwe akavuta pumzi ndefu. Akasema vizuri sana, mwanangu. Desemba atakuja mwenyewe, yeye na mwanyumba wangu, na wangependa kunipungia mkono nikiwa ndani ya ndege.

Nikakata simu. Nikapiga kofi, nikageuza viganja mara mbili, nikarudi nyuma hatua moja.

Desemba ni mbali. Kesho naulizia bei ya kofia ya rubani.