Mkanda Usioumiza Shingo

Goma, Juni 2002

Kwa Mama Mukubwa Nshobole, huko Liège

Mama Mukubwa mpendwa,

Mimi mtoto wako Anastase Cikuru, fotografa, ninakusalimu pamoja na Ange mke wangu na watoto wote. Sisi ni wazima, nyumba yetu imesimama, na mawe ya volkano yaliyofunika barabara yamepoa kiasi kwamba wauza mandazi wamekwisha kupanga meza zao juu yake. Ninakuandikia kwa heshima, lakini pia kwa uchungu, kuhusu ule mkanda wa kamera ulionitumia mwaka jana kupitia kwa binamu yangu Birindwa.

Ulisema uliwaeleza wauzaji kazi yangu ilivyo: ndoa, ubatizo, picha za pasi, na kutembea kutwa nzima nikiwa na kamera nzito ya chuma. Wakakuchagulia mkanda mpana kama kiganja, wenye mpira laini kwa ndani, usioning'inia shingoni bali unaopita begani na kukatiza kifua, kamera ikakaa ubavuni, juu kidogo ya nyonga. Ninakubali kwamba walichagua vizuri sana. Hilo ndilo tatizo. Naomba usome malalamiko yangu ukiwa umekaa.

1. Shingo yangu imepona.

Ule mkanda wangu wa zamani, mwembamba, ulinichora mstari mwekundu shingoni, na kwa ajili ya mstari ule niliheshimiwa. Kwenye harusi nilikuwa nikijikanda shingo mara moja tu, mama mmoja anasema, "Mupatie fotografa kiti." Kiti kikija, na chupa ya bia inafuata. Nyumbani Ange alinipaka mafuta ya moto huku akinipa pole. Sasa ninarudi jioni nimenyooka kama mtu aliyeshinda kitandani. Ange ananitazama, kisha ananikabidhi bidon mbili. Siku hizi, Mama Mukubwa, maji ninachota mimi.

2. Kazi imezidi.

Zamani mteja alisimama, nami nikasimama, kila mtu akakaza uso, tukamaliza. Lakini kamera ikikaa ubavuni na mkanda ukateleza begani bila kukwama, mkono unaiinua wenyewe. Ndivyo ilivyotokea Kituku, sokoni kando ya ziwa. Mama Généreuse, muuza sambaza, wale samaki wadogo, aliniita nimpige picha amesimama nyuma ya beseni lake. Kabla hajajipanga, mteja mmoja aliomba kuongezewa samaki, Généreuse akamcheka mpaka akaegemea mtumbwi. Nilipiga wakati ule ule. Nilipompelekea picha nilikuwa nimekwisha kuandaa maneno ya kuomba msamaha. Aliitazama kwa muda, akasema, "Hii ndiyo mimi."

Sasa wanawake wote wa Kituku wanataka picha "ya kutembea." Wanataka wakiwa wanabishana bei, wakiwa wanavuta nyavu, wakiwa wanashuka mtumbwini. Ninakimbia, ninainama, ninaingia majini mpaka magotini. Picha ya kusimama hawaitaki tena, na mimi nilikuwa nimeizoea.

3. Nimetoa ahadi kwa watu wenye bunduki.

Unajua tuko chini ya waasi wa rebelio. Kwenye bariere ya njia ya Rutshuru, pale wanapozuia watu na magari, askari mmoja aliuona mkanda kifuani pangu kabla hajaiona kamera.

"Ile mukanda ni ya silaha gani?" akauliza.

"Ni ya apareyi ya picha, chef."

Akasema niivue hiyo kamera. Nikaivua, na moyoni nikaiaga. Alivaa mkanda begani, akaenda mpaka kwenye kamba ya bariere na kurudi, akaruka kidogo aone kama kamera itamgonga. Haikumgonga. Aliinama, akachuchumaa, akasimama. Kisha akaanza kujisugua bega, pale mkanda wa bunduki yake unapopita.

"Hii haiumize," akasema. "Yetu inaumiza."

Alikuwa kijana, Mama Mukubwa, wa umri wa mtoto wa Birindwa. Alinirudishia kamera na mkanda, akaniomba nimwandikie mama yangu mkubwa wa Ulaya atume mwingine kama ule. Nikasema ndiyo, wewe ungesema nini? Mwezi uliofuata walikuwapo askari wengine, nao walikuwa wameambiwa. Kwa hiyo kwa sasa umeahidi, kupitia kwangu, kuwavisha askari wa bariere nzima.

4. Volkano.

Hapa naomba uweke kikombe chini.

Siku ile ya Januari, moto uliposhuka mlimani na watu wakaanza kukimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, tulibeba tulichoweza. Ange alimfunga mtoto mdogo mgongoni akashika sufuria, watoto wakubwa wakabeba godoro, mimi nikajitwika gunia la unga. Kamera niliivaa kwanza kabisa, nikaisukuma mgongoni, nikaukaza mkanda ili isicheze. Ikakaa pale kimya. Kwa moshi ule, na kelele zile, na watu wanaoita majina ya watoto wao, nikaisahau.

Tulipokaribia mpaka nikajipapasa shingoni, mahali kamera ilipokaa miaka yote. Hapakuwa na kitu.

"Ange, nimeacha apareyi ku nyumba."

Ange alikuwa mbele yangu, hakuweza kuona mgongo wangu. "Acha iungue," akasema, bila kugeuka, kwa sauti ya kulia. Lakini nilifikiria tutakula nini kesho, nikashusha gunia miguuni pake, nikarudi mbio. Nilipishana na mji mzima. Wengi walinipigia kelele wakinionyesha mgongo wangu, nami nikadhani wananiambia nigeuke.

Mtaani kwetu hapakuwa na mtu isipokuwa muzee Nsanzimana, yule fundi cherehani tunayepakana naye, ambaye miguu yake haina nguvu tena. Mwanawe Habiyaremye alikuwa amekwenda Rutshuru kununua maharage. Majirani wengine walidhani tumemchukua sisi, na sisi tulidhani wamemchukua wao. Alikuwa amekaa mlangoni kwake akiwa na koti la Jumapili.

"Mu soixante-dix-sept haikufika huku," akaniambia, akimaanisha moto wa mwaka 1977, kama mtu anayeendeleza mazungumzo. "Na leo haitafika. Uko natafuta nini, Cikuru?"

"Apareyi, muzee. Niliisahau."

Akanitazama nikiingia ndani, nikitoka, nikiingia studio, nikitoka.

"Na ile iko ku mugongo yako ni nini?"

Nikapeleka mkono nyuma. Nilisimama pale uwanjani nikiwa sina sababu yoyote ya kuwa pale. Nyuma ya nyumba, mabati ya watu yalikuwa yakipasuka moja baada ya jingine, na joto lilikuwa limefika kwenye uzio. Muzee naye aliyasikia. Ndipo nilipoelewa kwamba yale ya soixante-dix-sept hakuyaamini mwenyewe, na kwamba koti lile alilivaa ili moto umkute amevaa vizuri.

"Muzee, twende."

"Piga picha kwanza. Mimi na nyumba."

Nikapiga. Kisha nikaisukuma kamera kifuani, nikaukaza mkanda, nikachuchumaa, naye akanishika mabega. Mikono yangu yote miwili ilikuwa huru kushika miguu yake, na njia nzima kamera haikunigonga wala haikumgonga yeye. Kwa mkanda wa zamani ningenyongwa kabla ya kufika njia kuu, na ningelazimika kuacha kimoja, kamera au muzee. Sipendi kufikiria ningeacha kipi.

Ange alikuwa bado amesimama penye gunia, hakutaka kuvuka. Alimwona muzee mgongoni kwangu na kamera kifuani.

"Ulienda kuchukua apareyi," akasema.

"Ndiyo," nikamjibu, nikamketisha muzee juu ya gunia.

Jioni ile moto ulikula studio yangu na nyumba yote ya muzee, ukaishia penye ukuta wetu wa jiko.

5. Muzee Nsanzimana anakaa sebuleni kwangu.

Habiyaremye, ambaye sasa anakaa Rutshuru, amekuja kumchukua, lakini muzee amekataa, anasema njia ya Rutshuru ina bariere nyingi. Analalamika kwamba Ange anatia chumvi kidogo. Picha yake tumeitundika ukutani, na kila asubuhi anaitazama na kuniambia, "Ungeniambia ninyooshe kola."

Wala si yeye peke yake. Katika picha ile, nyuma ya bega lake, inaonekana pembe ya uzio wa mama Mukashyaka na mpapai wa watu wengine. Hakuna picha nyingine ya mtaa ule siku ile. Kwa hiyo wanakuja. Wanabisha hodi kwa adabu, wanakaa, wanautazama mpapai wao. Lazima uwapikie chai. Sukari haikai nyumbani humu, Mama Mukubwa, na chanzo chake ni mpira laini uliouchagua wewe.

Kutokana na hayo yote, ninaomba kwa unyenyekevu unirudishie taabu yangu. Nitakurudishia mkanda wako kwa mkono wa Birindwa. Nawe uende duka lile lile, uwaombe ulio mbaya kuliko yote: mwembamba kama kamba ya kiatu, mgumu, wa plastiki inayotoa jasho. Uwe mfupi hata kamera inigonge kidevu, au mrefu hata inigonge magoti, lakini usiwe wa kati. Usiwe na kitu cha kuukaza. Kifungo chake kifunguke chenyewe, ili nikiguse kila hatua na nisimwangalie mtu yeyote mwingine. Kwa mkanda wa namna hiyo nisingeisahau kamera hata dakika moja. Ningevuka mpaka na unga wangu, nikale ugali Gisenyi, na leo sebule yangu ingekuwa na nafasi.

Natumaini utalishughulikia jambo hili mapema. Utusalimie wote wa huko, wajukuu zako, majirani zako wa ghorofa ya chini, na yule padri aliyekusaidia kufunga kifurushi. Muzee naye anakusalimu, anauliza kama huko chumvi inatiwa ya kutosha.

Ni mimi mwanao mwenye kukuheshimu,

Anastase Cikuru

Nyongeza: Birindwa atafika kwako mikono mitupu, usimgombeze. Leo asubuhi nilitaka kuufunga mkanda pamoja na barua hii, lakini Ange ameuvaa, amekwenda kupiga picha za ubatizo. Ameanza tangu Pasaka. Mabibi harusi wanamtaka yeye, kwa kuwa anaweza kuingia nao chumbani wanapovaa, na picha zake, sitaki kuficha, zimenizidi. Kwa hiyo ule mwembamba usiutafute. Ukipata nafasi, tutumie wa pili wa aina ile ile, mfupi kidogo, kwa sababu Ange bega lake ni dogo. Na kama duka limeacha kuuza, basi, huu mmoja tutapokezana: yeye asubuhi, mimi mchana.